AMPLI INAYOJIZIMA: TUSIIPIGE, TUIULIZE



Somo la leo ni juu ya mashine ambayo siku hizi iko mu nyumba nyingi na mu vyumba vya video hapa kwetu Kilwa. Ni ile ampli inayopokea sauti ya televizyo, ya DVD au ya simu, kisha inaigawa ku bafle mbili, tano au zaidi. Wengine wanaiita ampli ya sinema ya nyumbani. Inaimba vizuri, watu wanafurahi, na mara moja tunasikia «tak!». Kimya. Tunangoja kidogo, tunaiwasha, inaimba dakika kumi, kisha tena «tak!».

Hapo maneno yanaanza. Wa kwanza anasema: «Imekufa, mtupe.» Wa pili anasema: «Ni huyu kijana aliyeishika mwisho, ameiharibu.» Wa tatu anasema kuna jirani mwenye wivu. Na wa nne, ambaye ni wa hatari kuliko wote, anasema: «Leteni karatasi ya sigara, tuifunge ku fizible, itaenda tu!»

Sisi tunaosoma fizika hatuwezi kukaa kimya mbele ya maneno ya namna hii. Mara nyingi kijana anahukumiwa bure, franka za jamaa zinapotea, na nyumba ya nyasi inaweza kuungua na watoto ndani. Basi tujifunze kuiuliza mashine yenyewe. Inajibu, kama tunajua kuuliza.

1. KUJIZIMA NI KUJILINDA

Neno la kwanza la kushika ni hili: ampli inayojizima na kuwaka tena haijafa. Mashine iliyokufa haiwaki tena. Ile inayojizima iko na mlinzi ndani yake, na mlinzi anafanya kazi yake.

Mlinzi huyo ni nani? Ni vyombo vidogo vinavyopima mambo matatu. Kwanza, joto la vyuma vinavyobeba nguvu. Pili, wingi wa umeme unaotoka kwenda ku bafle. Tatu, kama umeme usio wa sauti, ule wa kwenda njia moja kama wa batri, unataka kuingia mu bafle na kuiunguza. Jambo moja kati ya haya likipita mpaka, kifungo kidogo cha ndani kinafunguka na kukata njia. Ile «tak» tunayosikia njo sauti ya kifungo hicho. Hata wakati wa kuwasha, sikilizeni vizuri: nyuma ya sekunde chache kuna «tak» ya kwanza. Mlinzi amepima, ameona mambo ni mazuri, amefungulia bafle njia.

Tufananishe na zamu wa usiku. Akipiga kelele kila usiku, mwenye akili hamfukuzi. Anatoka na taa kuangalia ni nini kinachokuja.

2. SWALI LA KWANZA: INAZIMIKA SAA GANI?

Mbele ya kugusa waya wowote, tuchukue karatasi na bic. Tuandike saa ya kuwasha, saa ya kuzimika, sauti ilikuwa kubwa au ndogo, umeme ulitoka ku grupu au ku batri. Tufanye hivyo mara tatu. Karatasi hiyo ina faida kuliko mabishano ya watu kumi.

Tukiona hivi, tufikiri hivi:

(a) Inazimika palepale, sekunde chache nyuma ya kuwasha, hata sauti ikiwa chini. Waya za bafle zinagusana, au bafle moja imeungua, au ampli yenyewe iko na ugonjwa ndani.

(b) Inazimika wakati ngoma inapiga kwa nguvu, lakini sauti ndogo haina shida. Bafle ni nyingi kupita nguvu ya ampli, au umeme unaoingia hautoshi.

(c) Inazimika nyuma ya nusu saa au saa moja, na ukiweka mkono juu unaona moto. Ni joto.

(d) Inazimika wakati hakuna sauti yoyote, watu wakizungumza tu. Pengine si ugonjwa hata kidogo. Tutaona chini.

3. JOTO

Ampli haigeuzi umeme wote kuwa sauti. Mu ampli nyingi, zaidi zile za zamani zilizo nzito, sehemu kubwa ya nguvu inageuka joto. Joto hilo linatoka kwa njia ya vyuma vyenye meno, na hewa inapita katikati ya meno hayo na kulibeba juu. Kwa hiyo matundu ya juu na ya chini ya sanduku si urembo. Ni pua za mashine.

Sasa tuangalie namna tunavyoiweka. Tunaifunika kitambaa kizuri cha kufuma. Juu ya kitambaa tunaweka DVD, juu ya DVD konvertisere. Tunaisukuma mu kabati mpaka mgongo unagusa ukuta. Mwezi wa kumi, wakati jua ni kali mbele ya mvua, chumba chenyewe ni kama tanuri. Na mavumbi ya barabara yetu pamoja na wadudu wadogo wanaofuata taa usiku wameziba matundu. Tukumbuke tena kwamba tuko karibu mita 900 juu ya bahari, pahali hewa ni nyepesi kidogo na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani. Mashine itafanya nini? Itajizima, na iko na haki.

Dawa yake haina bei. Toa kitambaa. Toa vyote vilivyo juu. Acha nafasi ya shibiri moja juu, na ya kiganja kimoja kila upande. Chomoa prizi, ngoja ipoe, kisha safisha matundu kwa brashi laini na kavu. Hapana kutumia maji, hapana kupuliza kwa kinywa kwa sababu mate yanaingia. Ukiwasha tena na sasa inaimba saa tatu bila kuzimika, umepata jibu, na haukulipa fundi kitu.

4. BAFLE NYINGI: HESABU YA OHMU

Nyuma ya kila ampli kumeandikwa namba na alama ya ohmu: 8, au 6, au 4. Wengi wanaiona, wachache wanajua maana yake.

Ohmu ni kipimo cha namna kitu kinavyozuia umeme kupita. Jina limetoka kwa Georg Simon Ohm, Mjerumani, mtoto wa fundi wa kufuli, aliyekuwa mwalimu wa masomo ya sekondari mu mji wa Köln. Alitoa kitabu chake mwaka wa 1827. Wakubwa wengi wa kwao hawakukipa heshima. Mwaka wa 1841 wenye elimu wa London wakamtunza medali yao kubwa. Kanuni yake ni fupi: umeme unaopita ni volti ukigawanya kwa ohmu.

Tufanye hesabu. Tuseme ampli inatoa volti 20 ku bafle moja ya ohmu 8. Basi 20 : 8 = amperi 2,5. Nguvu ni 20 × 2,5 = wati 50. Ni vizuri.

Sherehe inakuja. Tunaazima bafle ya pili ya ohmu 8, tunaifunga ku matundu yaleyale. Umeme sasa uko na njia mbili, kizuizi kimekuwa ohmu 4 tu. 20 : 4 = amperi 5. Jamaa wanaleta bafle nyingine mbili. Zote nne pamoja ni ohmu 2. 20 : 2 = amperi 10, yaani mara nne ya kwanza! Watu wanafikiri: bafle nyingi, kazi imegawanywa, ampli itapumzika. Ni kinyume kabisa. Kila bafle unayoongeza mu matundu yaleyale ni mzigo mwingine juu ya mgongo uleule. Ampli iliyoandikwa «ohmu 4» haitakubali ohmu 2. Ngoma ikipiga mara ya kwanza kwa nguvu, «tak!».

Ukiwa na multimetre, chomoa ampli kwanza, toa waya za bafle, kisha pima bafle moja moja. Bafle ya ohmu 8 itaonyesha karibu 6, ile ya ohmu 4 itaonyesha karibu 3. Usishangae namba ikiwa chini kidogo, kwa sababu multimetre inapima waya tu bila mtetemo wa sauti. Lakini ikionyesha 0 au karibu na 0, bafle hiyo imeungua ndani. Hiyo njo mkosaji.

Tena angalia ncha za waya kwa macho. Waya ya bafle imefanywa kwa nywele nyingi za shaba. Unywele mmoja tu ukitoka pembeni na kugusa wa upande wa pili, mlinzi atakata. Sokota ncha vizuri, ingiza, na hakikisha hakuna unywele unaobaki inje.

5. UMEME UNAOINGIA: BATRI, KONVERTISERE NA WAYA

Hapa njo pahali wengi wanapotea. Wanatafuta ugonjwa mu ampli, lakini ugonjwa uko njiani.

Mu nyumba nyingi umeme unatoka ku pano za jua, unalala mu batri ya volti 12, na konvertisere inaugeuza kuwa volti 220. Konvertisere nayo iko na mlinzi wake. Nyingi zinalia zikiona volti 11 hivi, na zinakata zikiona karibu 10,5, kusudi batri isife.

Tufanye hesabu tena. Ampli, televizyo na taa zinakula wati 300 pamoja. Ku upande wa volti 12, 300 : 12 = amperi 25. Ni umeme mwingi! Sasa tumefunga konvertisere mbali na batri, metri 3, kwa waya nyembamba ya taa, ya milimetri mraba 1,5. Umeme unaenda metri 3 na kurudi metri 3, jumla 6. Waya ya shaba ya namna hiyo, metri 6, inazuia karibu ohmu 0,07. Mtu atasema: 0,07 ni kitu gani? Ni bure! Lakini 25 × 0,07 = volti 1,75. Batri iko na volti 12,2, konvertisere inaona 10,45 tu. Inakata. Watu wanapima batri, wanakuta 12,2, wanasema: «Batri ni nzima, basi ampli njo mbaya.» Hapana. Volti zimepotea njiani. Na hazikupotea bure: 25 × 1,75 ni karibu wati 44 zinazogeuka joto ndani ya waya. Ushike waya ule wakati muziki unapiga, utaona ni moto. Ukiwa umepita ku nyasi ya paa, wewe mwenyewe fikiri.

Tukiweka waya nene ya milimetri mraba 16, urefu uleule, tunapoteza volti 0,16 tu. Tukisogeza konvertisere karibu na batri, ni vizuri zaidi. Waya nene na fupi upande wa batri. Urefu wote uende upande wa volti 220.

Na tusidanganywe ku soko. Kuna waya inayong'aa nyekundu kama shaba, kumbe ndani ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu tu. Aluminiumu inazuia umeme karibu mara 1,6 kuliko shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, si shaba. Ni haya kwetu kudanganywa juu ya shaba! Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, na kaskazini ya Kilwa kuna Dikulushi, mgodi wa shaba na feza.

Wenye kutumia grupu, wapime volti wakati muziki unapiga, si wakati grupu iko bila mzigo. Inapaswa kuwa karibu 220. Grupu ndogo ikibeba pia friji au mashine ya kuchomelea vyuma, volti zinashuka na kupanda kila mara, na ampli inakimbia. Tuwashe moja moja.

6. INAZIMIKA KWA SHERIA

Turudi ku namba (d). Mashine nyingi zinafika kwetu kutoka Ulaya, zimetumika au mpya. Tangu 2013 sheria za kule zinataka mashine za namna hii zijilaze zenyewe kama hazina kazi, kusudi zisikule umeme bure. Basi ukisimamisha muziki kwa kuzungumza au kwa kula, ampli inangoja dakika zake, kisha inalala. Watu wanashtuka. Tafuta mu orodha ya maagizo yake, mara nyingi unaweza kukataza tabia hiyo. Angalia pia kama mtoto hakugusa kifungo cha saa ya kulala ku telekomande.

Na mashine iliyotoka Marekani, mbele ya kuichomeka soma mgongo wake. Ikiandikwa 120 tu, ku prizi yetu ya 220 haitajizima, itaungua.

7. JUU YA FIZIBLE NA KARATASI YA SIGARA

Fizible, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita fyuzi, ni waya dogo mu kioo. Ni mlinzi wa mwisho. Wengine wote wakishindwa, yeye anakubali kufa kusudi nyumba iokoke. Juu yake kumeandikwa namba, mfano T 4 A. Namba ni amperi 4. Herufi T ni yule anayevumilia kidogo, kwa sababu wakati wa kuwasha umeme mwingi unaingia mara moja. Herufi F ni yule anayekatika upesi. Ukimbadili, weka namba ileile na herufi ileile.

Ile karatasi ya kung'aa ya sigara haina namba. Amperi 4 itapita, 20 itapita. Ampli itaimba kweli, na watu watakusifu: «Huyu ni fundi!» Lakini sasa ndani ya sanduku hakuna anayeweza kusema «inatosha». Kitakachokatika badala ya fizible ni transfo, au waya mu ukuta, au paa. Na mu chumba cha video kilichojaa watoto, chenye mlango mmoja, sifa hiyo ni ya dakika chache.

Kwa hiyo tunasema wazi: mwanafunzi akiitwa kufunga karatasi ya sigara, hata akiitwa na mkubwa anayemheshimu, anaweza kujibu kwa adabu: «Baba, fizible imekatika juu ya sababu. Tutafute sababu kwanza.» Jibu hilo si kiburi.

8. NJIA YA KUFUATA

Kwanza, chomoa prizi na ngoja ipoe nusu saa.

Pili, toa waya zote: za bafle, za televizyo, za DVD. Iache uchi.

Tatu, iwashe hivyo, bila kitu. Ikizimika palepale na umeme unaoingia ni mzuri, ugonjwa uko ndani yake. Simama hapo, ita fundi.

Ine, ikikaa dakika ishirini, izime, chomoa, funga bafle moja. Washa. Kisha ya pili, na ya tatu. Kila mara zima na chomoa mbele ya kufunga. Ile ambayo ikiingia tu ampli inazimika, njo yenye shida, yenyewe au waya yake.

Tano, zote zikiwa nzuri, pandisha sauti polepole na pima volti za umeme unaoingia.

Sita, andika ulichokiona. Fundi atakushukuru, na hatakulipisha kazi ya kutafuta.

Usifungue sanduku. Ndani kuna makopo madogo, kondansatere, yanayobaki na umeme hata nyuma ya kuchomoa, na yanaweza kukupiga. Yanazeeka pia, na joto linayazeesha: tunahesabu kwamba kila digri 10 zikiongezeka, maisha yake yanapunguka nusu. Kwa hiyo aliyetoa kitambaa juu ya ampli amemwongezea miaka.

Na yule kijana aliyeishika mwisho? Mbele ya kumhukumu, tupime waya.

MASWALI YA KUFANYA MU KUNDI

1. Bafle tatu za ohmu 6 zimefungwa mu matundu mamoja ya ampli iliyoandikwa «ohmu 4». Kizuizi chote ni ohmu ngapi? Ampli itakubali?

2. Batri iko na volti 12,4. Konvertisere inavuta amperi 20 kwa waya inayozuia ohmu 0,08. Konvertisere inaona volti ngapi? Wati ngapi zinageuka joto mu waya?

3. Ampli inazimika kila siku saa mbili ya usiku, wakati jirani anawasha mashine yake ya kuchomelea ku grupu ileile. Nani mkosaji, na utapima nini?

4. Eleza kwa mama yako, bila kutumia neno la fizika hata moja, juu ya nini karatasi ya sigara haifai. Swali hili njo gumu kuliko yote. Anayeliweza amelielewa somo.